SOMO LA WANACHAMA: KUSHONA APRONI YA KUCHUMIA PAMBA

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wanaolima pamba. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama ataweza kushona nyumbani kwake, kwa mkono au kwa cherehani, aproni yenye mifuko miwili mikubwa ya kuchumia pamba na mfuko mmoja mdogo wa kuwekea vitu vyake. Katibu naye ataweza kuishauri bodi ya chama juu ya ununuzi wa kitambaa, na kuandika hesabu yake bila kuacha shaka.

Huenda msomaji akauliza: kushona kunahusiana nini na ushirika? Jibu ni kwamba bei anayolipwa mkulima haianzi kwenye mizani. Huanza shambani, pale kidole kinapoitoa pamba katika kitumba chake. Chama kinaweza kuwa na mizani iliyokaguliwa, karani mwaminifu na vitabu visivyo na doa. Lakini kama pamba iliyoletwa imechanganyika, hakuna kitabu kitakachoitenga.

Mizani ya haki na pamba ya haki

Wazee wa mikoa iliyo kusini na mashariki ya Ziwa Victoria walikuwa na sababu ya kuanzisha vyama vya ushirika vya pamba mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kilio chao kikubwa kilikuwa mizani. Wakulima waliona kuwa wanapunjwa na wanunuzi, wakadai wawe na wapimaji wao wenyewe. Vyama vikaongezeka, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Hivyo haki ya mkulima kwenye mizani ilipatikana kwa umoja.

Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Anayedai kipimo cha haki hana budi kuleta pamba ya haki. Pamba yetu huchumwa kwa mkono, na huo ni utajiri, kwa kuwa mkono una jicho linaloongozana nao. Mchumaji huiona pamba moja moja, naye anaweza kuitenga safi na fifi kabla haijafika hata kwenye kikapu.

Pamba safi ni ile nyeupe iliyopasuka vizuri, isiyo na madoa, majani, wala udongo. Pamba fifi ni ile iliyobadilika rangi au kuharibika. Mara nyingi ni kazi ya kangambili, mdudu mwekundu anayefyonza mbegu ndani ya kitumba na kuacha nyuzi zikiwa na madoa ya manjano. Mara nyingine ni kazi ya funza wa vitumba, au ya mvua iliyonyesha wakati vitumba vimekwisha kupasuka. Pamba fifi si takataka. Ina mnunuzi wake na bei yake. Hasara hutokea inapoingia ndani ya pamba safi, kwa maana fifi kidogo huishusha safi nyingi.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja aliyefika ghalani na mzigo wake siku ya ununuzi. Karani akatia mkono katikati ya mzigo, akatoa konzi ya pamba yenye madoa.

“Shikamoo, mama,” akasema karani. “Mzigo huu umechanganyika. Juu ni safi, katikati imo fifi.”

“Marahaba, mwanangu. Fifi hiyo imetoka wapi, nami nimeichambua usiku kucha?”

“Ndiyo sababu, mama. Mwanga wa taa hauonyeshi manjano.”

Mama yule hakuwa mdanganyifu, na karani hakuwa mkorofi. Mama alichuma mchana akichanganya, akachambua usiku asipoona. Alifanya kazi mara mbili, kisha ikambidi atandaze turubai pembeni ya ghala afanye mara ya tatu, huku waliofika nyuma yake wakipimiwa na kuondoka. Laiti angalikuwa na mahali pawili pa kutilia pamba alipokuwa shambani, kazi ingalikwisha kule kule, jua likiwaka. Mahali pawili hapo ndipo panaposhonwa katika somo hili.

Kitambaa kinachofaa

Kabla ya kununua chochote, kanuni moja ishikwe na kila mwanachama: chombo cha pamba kiwe cha pamba.

Wachumaji wengi hutumia salfeti kuukuu, yaani mfuko wa plastiki uliobebea mbolea, unga au sukari. Salfeti ni rahisi kupatikana, lakini ni adui wa pamba. Likichakaa hutoa nyuzi nyembamba za plastiki ambazo hunasa katika pamba. Kiwandani, mashine ya kuchambua huzikata vipande vidogo zaidi na kuzieneza ndani ya robota. Hakuna anayeziona mpaka nyuzi zimesokotwa, kitambaa kimefumwa na kutiwa rangi. Hapo ndipo huonekana, kwa sababu plastiki haishiki rangi kama pamba inavyoshika. Mwenye kiwanda cha nguo hupata hasara, naye hukumbuka pamba ile ilitoka nchi gani. Hivyo salfeti la mkulima mmoja huweza kuharibu jina la wakulima wengi wasiomjua.

Kanga iliyofungwa kiunoni ni nafuu kuliko salfeti, lakini ina kasoro mbili. Haina sehemu ya kutenga safi na fifi, na nyuzi zake za rangi zinazochomoka huingia katika pamba nyeupe.

Kitambaa bora kwa kazi hii ni marekani nzito isiyotiwa rangi. Hustahimili miba na vijiti, huonyesha uchafu upesi, na uzi wake ukichomoka ni pamba iliyorudi katika pamba. Shuka kuukuu la pamba, jeupe na ambalo bado ni imara, laweza pia kutumika. Uzi wa kushonea nao uwe wa pamba. Nailoni na kamba za plastiki zisitumike kabisa, wala vifungo visitumike. Kifungo kikikatika shambani kitaanguka ndani ya mfuko, kisha kitasafiri na pamba hadi kiwandani.

Mahitaji

Kwa aproni moja ya mtu mzima wa umbo la wastani yatakiwa haya:

(a) Marekani yenye upana wa sentimita 90, urefu wa meta 1 na sentimita 75.
(b) Uzi mweupe wa pamba ulio imara.
(c) Sindano, na kastabini ya kulinda kidole kwa anayeshona kwa mkono.
(d) Mkasi mkali, futikamba, kipande cha chaki au cha mkaa, na ubao ulionyooka wa kupigia mistari.
(e) Pini chache. Zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi.
(f) Pasi ya mkaa au ya umeme.

Kufua kabla ya kukata

Marekani mpya hurudi ikifuliwa. Mshonaji anayekata kwanza na kufua baadaye atapata aproni fupi yenye mishono iliyojikunja. Kwa hiyo kitambaa kilowekwe usiku mmoja, kifuliwe kwa sabuni, kianikwe kikiwa kimenyooshwa, kisha kipigwe pasi. Baada ya hapo kipimwe upya. Kinachotakiwa kubaki ni upana usiopungua sentimita 84 na urefu usiopungua sentimita 148. Vipimo vyote vya somo hili vimepangwa vitoshe katika eneo hilo.

Kupima na kukata

Kitambaa kitandazwe juu ya meza au jamvi safi, urefu wake ukielekea mbele ya mshonaji. Mistari yote ichorwe kwanza, ihakikiwe, ndipo mkasi utiwe. Mstari uliokosewa hufutika; kitambaa kilichokosewa hakirudi.

Sehemu ya juu, yenye urefu wa sentimita 84, itoe vipande hivi:

1. Mwili wa aproni: upana sentimita 60, urefu sentimita 84.
2. Vipande vitatu vyembamba vilivyokaa pembeni mwa mwili: kila kimoja upana sentimita 8, urefu sentimita 84. Viwili ni mikanda ya mabega. Cha tatu ni cha vitanzi na viraka.

Sehemu ya kati, yenye urefu wa sentimita 42, itoe:

3. Mifuko miwili mikubwa: kila mmoja mraba wa sentimita 42 kwa 42.

Sehemu ya chini, yenye urefu wa sentimita 22, itoe:

4. Mfuko mdogo wa kifuani: upana sentimita 17, urefu sentimita 22.
5. Mikanda miwili ya kiunoni: kila mmoja upana sentimita 8, nayo ichukue urefu wote uliobaki, ambao ni sentimita 67 au zaidi.

Baada ya hapo mwili wa aproni upewe umbo lake. Katika ukingo wa juu, zipimwe sentimita 16 kutoka pembe ya kulia na sentimita 16 kutoka pembe ya kushoto. Kisha zipimwe sentimita 24 kushuka kila upande. Alama hizo ziunganishwe kwa mstari wa mshazari, na pembe mbili zikatwe. Ukingo wa juu utabaki na sentimita 28, nao ndio kifua cha aproni. Pembe zilizokatwa zisitupwe. Zitatoa viraka vya kuimarisha midomo ya mifuko.

Kushona hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: pindo la mwili. Kingo zote zikunjwe sentimita 1, kisha zikunjwe tena sentimita 1, zipigwe pasi na kushonwa. Zile kingo mbili za mshazari zishikwe kwa upole, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka kikivutwa. Ni vema zipigwe bandi kwanza, ndipo zishonwe. Mwili uliokamilika utakuwa na upana wa sentimita 56 na urefu wa sentimita 80.

Hatua ya pili: midomo ya mifuko mikubwa. Ukingo wa juu wa kila mfuko ukunjwe sentimita 1, kisha sentimita 3, na kushonwa kwa mistari miwili. Mdomo ndio unaosuguliwa na mkono tangu asubuhi hadi jioni. Ukishonwa kwa mstari mmoja utachanika katika msimu wa kwanza.

Hatua ya tatu: kingo za mifuko na marinda. Kingo tatu zilizobaki za kila mfuko zikunjwe ndani sentimita 1 na nusu na kupigwa pasi. Mfuko sasa una upana wa sentimita 39, lakini nafasi yake juu ya mwili ni sentimita 25 tu. Sentimita 14 za ziada si kosa. Ndizo zinazoufanya mfuko uwe na tumbo. Katika ukingo wa chini ziwekwe alama sentimita 10 kutoka kila upande. Kuanzia kila alama likunjwe rinda moja linalomeza sentimita 7, na yote mawili yapigwe bandi. Ukingo wa chini sasa utapimwa sentimita 25. Mdomo wa juu uachwe bila marinda, ili ukae wazi na mkono uingie bila kutafuta njia.

Hatua ya nne: kuipachika mifuko. Ukingo wa chini wa mifuko uwe sentimita 12 juu ya pindo la chini la aproni. Kutoka kushoto kwenda kulia nafasi zigawanywe hivi: sentimita 2 za wazi, mfuko sentimita 25, sentimita 2 za wazi, mfuko sentimita 25, sentimita 2 za wazi. Jumla ni sentimita 56. Kingo za pembeni zinyooshwe wima, midomo ikibaki na ulegevu wake. Pande mbili na ukingo wa chini zishonwe kwa mistari miwili.

Nyuma ya kila pembe ya mdomo kiwekwe kiraka cha sentimita 4 kwa 4 kutoka katika pembe zile zilizokatwa, kingo zake zikiwa zimekunjwa, na mshono upite juu yake kwa umbo la pembetatu. Uzito wa pamba huvuta mahali hapo kuliko pengine pote.

Hatua ya tano: alama. Mfuko wa kulia kwa mvaaji uwe wa pamba safi, na wa kushoto uwe wa pamba fifi. Katika mdomo wa mfuko wa fifi ushonwe msalaba wa uzi mweupe, mnene kiasi cha kutambulika kwa kidole. Mchumaji akiwa na haraka atautambua bila kuangalia. Ni vema chama kizima kifuate upande mmoja, kwa sababu majirani husaidiana kuchuma, na aproni huazimwa.

Hatua ya sita: mfuko wa kifuani. Ukingo wa juu ukunjwe kama midomo ya mifuko mikubwa, kingo nyingine zikunjwe sentimita 1 na nusu, kisha mfuko upachikwe katikati ya kifua. Pande zake mbili za mdomo zishonewe vijikamba vya marekani vya kufungia. Humu ndimo mwa kuwekea fedha, simu, karatasi ya hesabu ya kilo na vitu vingine vya mchumaji. Mfuko wa pamba haupaswi kutiwa kitu chochote kisicho pamba, hata kwa dakika moja.

Hatua ya saba: mikanda na vitanzi. Kila mkanda ukunjwe kingo zake sentimita 1 kila upande, kisha ukunjwe katikati na kushonwa, upate upana wa sentimita 3. Mikanda miwili mirefu ishonwe katika pembe mbili za kifua. Mikanda ya kiunoni ishonwe pale mshazari unapokutana na upande ulionyooka. Hapo hapo kiongezwe kila upande kitanzi kimoja kilichotokana na kile kipande cha tatu. Kila kiungo kishonwe kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani yake.

Wakati wa kuvaa, mikanda ya mabega hupita juu ya mabega, hukutana kwa msalaba mgongoni, na kila mmoja hufungwa katika kitanzi cha upande wa pili. Mikanda ya kiunoni hufungwa nyuma. Mtu mnene aiongeze mikanda kwa masalio ya kipande cha tatu. Aproni isiwe ya kuning'inia shingoni, kwa sababu mzigo unaoning'inia shingoni humchosha mtu kabla ya saa sita mchana. Mabega mawili na kiuno vikigawana mzigo, mgongo hupata nafuu.

Kwa asiye na cherehani

Aproni hii yaweza kushonwa yote kwa mkono. Uzi uwe mara mbili. Mshono uwe wa kurudi nyuma, yaani kila sindano inapotokea mbele, irudi nyuma nusu ya hatua kabla ya kuendelea. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Hatua ziwe fupi, nne au tano katika kila sentimita mbili. Bandi zote zitolewe kazi ikiisha, na pini zihesabiwe. Pini ikipungua itafutwe mpaka ipatikane. Mwili wa mchumaji na mashine ya kiwanda havina uvumilivu na pini.

Kuijaribu

Chama kisishone aproni nyingi kabla ya kujaribu moja. Avae mwanachama mmoja mwenye uzoefu, achume nayo siku nzima, kisha aulizwe maswali haya:

Je, mikono yote miwili ilikuwa huru? Je, mdomo ulibaki wazi, au uliziba alipoinama? Je, mifuko ilipojaa iligonga magoti? Je, mkanda ulikata bega?

Kila mfuko unapojaa upimwe katika mizani ya chama, na uzito uandikwe. Kwa takwimu hiyo ya shambani kwao wenyewe, wanachama watajua mchumaji ataondoa mzigo mara ngapi kwa siku, na vyombo vya kumiminia viwekwe umbali gani. Kama mifuko ni mizito mno kwa mtu mwembamba au kijana, ipunguzwe kimo chake. Isisubiriwe mpaka mtu aumie.

Matumizi na matunzo

Aproni nzuri haimfundishi mtu kuchuma. Mchumaji aanze baada ya umande kukauka, achukue vitumba vilivyopasuka kabisa tu, na asivute majani makavu pamoja na pamba. Mfuko wa safi umiminwe penye kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa, na mfuko wa fifi umiminwe penye chake, mbali kidogo, ili upepo na kuku visifute kazi iliyofanyika. Pamba isimwagwe juu ya udongo. Wala asije mtu akaongeza maji au mchanga ili apate uzito. Hilo si kosa la kushona wala la kuchuma; ni wizi dhidi ya wanachama wenzake, kwa kuwa pamba yao huchanganywa ghala moja na yake.

Jioni aproni ikung'utwe na mifuko igeuzwe nje. Ifuliwe kila inapochafuka, ianikwe juani. Isivaliwe katika kupulizia dawa ya wadudu, wala isikae chumba kimoja na dawa hizo. Msimu ukiisha ifuliwe, ishonwe panapohitaji, ikunjwe na kuwekwa mahali pasipofikiwa na panya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la leo ni kiraka cha sentimita nne, la mwakani ni aproni mpya.

Wajibu wa katibu

Kama wanachama wanataka chama kiwanunulie kitambaa kwa pamoja, jambo hilo lipite katika njia yake. Bodi ijadili, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu, na fedha itoke kwa idhini. Nia njema isiyoandikwa huwa hoja ya ugomvi mkutano mkuu unapofika.

Hesabu yake ni nyepesi. Aproni 24 zahitaji meta 1.75 mara 24, yaani meta 42. Fundi anayekata bila mpango akitumia meta 2 kwa kila aproni, atamaliza meta 48. Tofauti ni meta 6, ambazo zingalitosha aproni tatu zaidi na kubakiza kipande cha sentimita 75. Kwa hiyo mpango wa kukata uliotolewa hapa ubandikwe ukutani anaposhonea fundi.

Katibu aandike katika leja ya ghala: meta zilizopokelewa, namba ya stakabadhi ya duka, meta zilizotolewa, jina la aliyepokea na sahihi yake, na baki. Baki ya kwenye leja ilinganishwe na kitambaa chenyewe kwa kukipima, si kwa kukitazama. Bei ya aproni moja ipatikane kwa kujumlisha kitambaa, uzi, nauli ya kuvileta na ujira wa fundi, kisha kugawanya kwa idadi ya aproni nzuri zilizokamilika. Aproni iliyoharibika isifichwe ndani ya hesabu. Iandikwe kuwa imeharibika, na sababu yake itajwe.

Wanachama wanaojua kushona wapewe nafasi ya kwanza ya kazi hiyo kwa ujira uliokubaliwa, ili fedha ibaki kijijini. Wanaopenda kushona wenyewe wapewe kitambaa kilichokwisha kufuliwa, na gharama yake ielezwe wazi kabla hawajatia sahihi. Kama gharama itakatwa katika malipo ya pamba, mwanachama aandike ridhaa yake, na makato yaonyeshwe katika stakabadhi yake ya malipo kwa jina lake halisi, si chini ya neno “mengineyo”.

Maswali ya majadiliano

1. Katika msimu uliopita, ni mizigo mingapi ya wanachama iliyorudishwa kuchambuliwa upya ghalani? Kama haikuandikwa, nani ataandika msimu ujao, na katika kitabu gani?

2. Wanachama wa chama chenu huchuma kwa kutumia vyombo gani? Ni vingapi kati ya hivyo ni vya plastiki?

3. Kwa nini kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa? Chama kitapata hasara gani kikikiuka kanuni hiyo?

4. Chama kina meta 63 za marekani. Zitatoa aproni ngapi kwa kipimo cha somo hili? Zitapungua ngapi kama fundi atatumia meta 2 kwa kila moja?

5. Mwanachama mmoja huleta pamba safi kila msimu, na jirani yake huleta iliyochanganyika, kisha zote huingia ghala moja. Chama kifanye nini ili bidii ya wa kwanza isimezwe na uzembe wa wa pili?

Kazi ya kufanya

Kabla vitumba vya kwanza havijapasuka, kila kikundi cha kujisomea kishone aproni moja kwa vipimo hivi na kuileta katika mkutano wa wanachama. Ivaliwe mbele ya wote, ivutwe mishono yake, ipimwe kwa futikamba, na kasoro zake zisemwe bila kuoneana haya. Itakayostahimili ndiyo iwe kielelezo cha chama. Inunuliwe kwa bei ya gharama na kutundikwa ghalani karibu na mizani, ili kila anayepanga foleni na mzigo wake aione, aiguse, na apime mwenyewe kama usiku wa kuchambua kwa taa bado una faida.